Mama Kwanza na Miaka Yake 136

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Kwanza anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya takwimu za afya kwa miaka 136. Samahani, 34. Nimeunganisha jedwali la wafanyakazi na la vitengo, na kwa kuwa amepitia vitengo vinne, jina lake likatokea mara nne, nami nikaijumlisha miaka 34 kila lilipotokea. Yaani hata siku ya kumuaga sijakoma!

Alianza kama karani wa masjala, akajifunza SQL, lugha ya kuchambua majedwali ya data, huku akilea watoto watatu, akaishia kuwa mkuu wa takwimu. Jina la Mama Kwanza tulimpa sisi. Ukimpelekea ripoti, kabla hata ya salamu atakuambia ujumlishe kwanza, kila mtoto apate mstari mmoja, ndipo uunganishe majedwali.

Mimi nilijifanya najua. Ripoti yangu ya chanjo ya surua ilionyesha watoto 4,180 wamechanjwa, katika mji wenye watoto 4,000. Ukumbi ukapiga makofi, mganga mkuu akaagiza keki. Mama Kwanza akagoma kutia saini, akauliza hao 180 wa ziada wamezaliwa na nani. Kumbe nilikuwa nimeunganisha chanjo na namba za simu za wazazi. Kila mtoto alikuwa na mbili, ya baba na ya mama, kwa hiyo alihesabiwa mara mbili. Nikatafuta njia ya mkato, kila penye jina moja la ukoo na tarehe moja ya kuzaliwa nikabakiza mstari mmoja tu. Mapacha wote mjini wakabaki nusu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akataka kujua nani atakwenda kuwaeleza mama zao.

Idadi ya kweli ilikuwa 2,090. Keki tuliila kimyakimya, wachanjaji wakarudi mitaani na makasha yao ya barafu. Mtaa wa dada yangu ulikuwa umerukwa. Surua ilipoingia miezi miwili baadaye, ilimkuta mpwa wangu ameshachanjwa. Leo kijana huyo ananizidi urefu, na kila nikimwona namshukuru Mama Kwanza kimoyomoyo. Leo namshukuru mbele ya watu.

Asante, Mama. Ukapumzike salama na mzee wako, afya iwe tele na wajukuu wasikuchoshe. Hesabu yako nimeirudia, safari hii nikajumlisha kwanza: miaka 34, mtu mmoja. Laiti ile 136 ingekuwa ya kweli, ukabaki na sisi mara tatu zaidi.