Shanga za Beseni Jekundu

Ndugu zangu, nawasalimu, na namshukuru Mungu aliyetuamsha sote leo. Nitaongea Kiswahili changu hiki cha huku kwetu, kile kimekulia ndani ya Kikamba, na mkiona nimekwama mnisukume mbele. Asubuhi nikinywa chai mke wangu aliniambia, "Usiongee mrefu, utaanza kulia mbele ya watu." Nikamwambia nikilia, nitalia. Sasa tuone.

Mimi nilikuwa mchongaji. Hapa Ukambani hilo si jambo la kushangaza mtu, kila boma lina wake, lakini mimi nilijua kazi. Nilichonga twiga, nikachonga swala, zikapelekwa barabara ya Mombasa kuuziwa wageni. Ukinipa gogo nilikuwa naliangalia tu, najua ndani yake kuna mnyama gani. Nasema hivi si kwa kujisifu. Nataka mjue kile nilipoteza.

Siku moja nilienda kule korongoni kuchukua gogo nililokuwa nimeliacha likauke. Nikaweka mkono chini yake ninyanyue. Pale chini alikuwa amelala yule nyoka mfupi mnene, yule hakimbii mtu. Aliniuma mkono wa kulia. Nilifika hospitali nikiwa sijijui, na nilipojijua, vidole vitatu vya katikati havikuwepo. Nilibaki na kidole gumba na hiki cha mwisho, na vyenyewe vimekauka hivi mnavyoviona, havikunjuki.

Ndugu zangu, nawaambia, kidonda kilipona haraka. Ni mimi sikupona. Nilirudi nyumbani, watu wakaja na pole zao, na unga, na kuku mmoja, Mungu awabariki. Kila mtu aliniambia pole, halafu akaenda shambani kwake. Mimi nikabaki. Nilichukua kiti nikakiweka nyuma ya ghala, mahali sioni njia na njia hainioni. Tezo yangu, ile ya kuchongea, nilimwambia mke wangu aiondoe machoni pangu. Aliiondoa na hakuniuliza kitu.

Wakati huo alikuwa mja mzito. Mtoto akaja kabla ya wakati wake, msichana, mdogo sana. Mama yangu alimfunga kwa blanketi akabaki kapua kadogo tu kanaonekana. Nilisimama mlangoni nikaangalia. Mama akasema, "Mshike mtoto wako." Nikasema mkono wangu utamwangusha. Nikarudi nyuma ya ghala.

Sasa, wale si wa hapa niwaelezee kitu kimoja. Kwetu, mtoto akishapewa jina na akina mama, baba yake ndiye humvika shanga shingoni. Najua wengine wenu mliziacha hizo mambo mlipookoka, na sitabishana na mtu leo. Lakini katika boma letu zilikuwa bado zinafuatwa. Mpaka baba akuvike shanga, wewe bado ni kama mgeni pale nyumbani. Akishakuvika, umekuwa mtu wa hapo.

Msichana wangu alipewa jina, la nyanya yake. Siku ya shanga ikafika nikakataa kutoka. Nikasema, uzi nitaufunga na nini? Mama akaona aibu, akasema basi mdogo wangu amfungie. Mke wangu alikuwa ameketi pale na mtoto kifuani. Yeye ni mtu wa maneno machache, na alimheshimu sana mama mkwe wake, sijawahi kumsikia akimjibu kwa ukali. Siku hiyo alisema, "Hapana, mama. Atangoja baba yake."

Basi mtoto akangoja. Ndugu zangu, mnajua kungoja kwa mtoto dhaifu? Kila asubuhi nasikiliza kama amelia. Akilia nashukuru. Asipolia nashika kichwa. Nikajua akienda, ataenda bila shanga, ataenda mgeni, na ni mimi sikumkaribisha. Na bado sikuinuka. Huzuni ni kitu kigumu, inakuonyesha mlango na inakukalisha chini.

Wakati huo akina mama wa kikundi cha mke wangu walikuwa wameanza kazi mpya. Wao husuka vyondo, vile vikapu vya mkonge mnavijua, na walitaka shanga za kuvipamba. Mama mmoja alikuwa ameishi Kibwezi, akaona watu wakitengeneza shanga kwa plastiki iliyovunjika. Akawafundisha wenzake. Wakaanza kuokota mabeseni, majagi, vifuniko, kila takataka ya plastiki hapa kwetu Mbumbuni. Watoto wakawacheka, wakisema akina mama wamekuwa wa kuokota taka.

Siku moja mke wangu alileta jiko la makaa, akaliweka wapi? Nyuma ya ghala, karibu na kiti changu. Nikamwuliza kwa nini hapa. Akasema moshi wa plastiki ni mbaya, hatautia nyumbani penye mtoto, na hapa upepo unapita. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini boma letu lina upepo kila upande, nataka mjue.

Alikuwa na beseni jekundu lililopasuka. Akalikata vipande, akachukua spoku ya baiskeli, akaanza. Mimi nikaangalia nikaona anakosea. Nilidhani anakosea. Mchongaji anaogopa moto, kwa sababu moto ukikaribia mti unapasuka, kazi ya wiki nzima inaharibika. Nikamwambia, "Wewe unaharibu. Weka moto kando. Nipe kisu." Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza ya maana tangu nitoke hospitali.

Nikafinya kipande kati ya magoti, nikashika kisu kwa mkono wa kushoto, nikaanza kuchonga shanga kutoka kwa beseni. Msicheke. Haya, chekeni. Plastiki ikaniteleza, ikapasuka, ikanirukia usoni. Nikajaribu tena, ikapasuka tena. Niliitukana ile beseni matusi ambayo hayafai hapa ndani. Mke wangu aliniacha mpaka hasira ikaniisha. Halafu akasema polepole, "Baba watoto, hii si mti. Mti unaukata. Hii unaibembeleza."

Akanionyesha. Unakata ukanda mwembamba. Spoku unaipaka mafuta kidogo ili isishike. Ukanda unaupasha moto juu ya makaa, usiuunguze, unaupasha tu mpaka ulegee, halafu unauzungusha kwenye spoku polepole, taratibu, kisha unautia kwenye maji. Ukiharakisha unaungua, ukichelewa unakauka. Ukiutoa, shanga imekubali.

Yeye alihitaji mtu wa kumshikia spoku, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na ukanda na mwingine unazungusha. Akaangalia huu mkono wangu. Hivi vidole viwili vilivyokauka vimekaa kama koleo, mnaona? Akaipitisha spoku katikati yake, ikakaa imara. Tukafanya kazi mpaka makaa yakaisha.

Kesho yake nilimngoja alete jiko. Alipochelewa, nikaliwasha mwenyewe.

Nilijifunza kuchanganya. Nyekundu ya beseni na nyeupe ya jagi, ukizisokota pamoja unapata mstari unaozunguka shanga yote. Akina mama wakaanza kuja kuniuliza. Wanaume waliokuwa wakinisalimia kwa huruma wakaanza kunitania, wakasema fundi wa twiga ameolewa na kikundi cha akina mama. Na nawaambia, yale matani yalinifurahisha kuliko zile pole zote. Mtu hamtanii maiti.

Halafu nikaketi nikatengeneza shanga ndogo, ndogo sana, za shingo moja. Mke wangu aliziona na akajua ni za nani. Akazitunga kwenye uzi.

Asubuhi ya kumvika, mama alimleta mtoto nje, kwenye jua. Alikuwa bado mdogo, lakini alikuwa ameanza kufuata watu kwa macho. Mdogo wangu akasogea, akaniambia sikioni, "Kaka, nikusaidie?" Nikamwambia asimame hapo hapo.

Nikajaribu kwa mkono wa kushoto peke yake, uzi ukatoroka. Nikajaribu kuufinya na hiki kidole gumba, ukatoroka tena. Basi nikapiga magoti, nikashika ncha moja ya uzi kwa meno yangu. Na ili kufunga fundo kwa meno, ndugu zangu, ilibidi uso wangu uingie pale shingoni mwa mtoto. Pale ndipo nilimnusa mara ya kwanza. Alikuwa ananukia maziwa na jua. Miezi yote ile nilikuwa sijamkaribia hivyo, nikiogopa kumwangusha. Fundo lilikuwa limeshafungika, lakini sikutoa uso wangu haraka. Akashika sikio langu, akavuta.

Mnaona, nimeshaanza kulia. Mke wangu alisema.

Huyo msichana alikua. Nawashukuru wale akina mama walionipa kazi bila kuniuliza kama naweza. Namshukuru mama yangu, amelala sasa, aliyevumilia aibu. Na yule ameketi kule nyuma akiinamisha kichwa, sitamtaja jina, atanigombeza. Yeye aliniletea moto mpaka pale nilipokuwa nimeketi.

Funzo langu ni hili tu. Mtu akiumia, pole ni nzuri, mpe. Lakini usiondoke hapo. Mpe kitu akushikie.

Na wewe ndugu yangu umekuja leo mara ya kwanza, umeketi karibu na mlango ili utoke upesi. Sikujui jina na sijui kilichokupata. Mimi nyumbani kwangu ni pale chini, ukipita kisima. Kesho nitakuwa nazungusha shanga, na sina mtu wa kunishikia spoku. Kuja.