Shingo Iliyokataa Kuinama

Kijiwe cha kahawa cha Mama Alganesh, pale Gerji, Addis Ababa, asubuhi hiyo kilikuwa na hoja moja tu: shingo ya Dagmawi. Digrii ya ujenzi haikumpa kazi, ila imempa jina, wanamwita Injinia. Kuinamia simu akisaka matangazo ya kazi kulimpinda kama mundu. Binti wa tiba ya mazoezi akamwelekeza: kidevu rudisha nyuma, kichwa juu, polepole. Polepole ni ya walioajiriwa! Akafanya usiku kucha kama anayetubu. Kulipokucha, shingo imekuwa mlingoti. Na siku hiyo, yaani jana, ndiyo ilikuwa ya usaili. Mzee mwenye kampuni alimpa mkono, na mbele ya mzee sharti uiname. Wasailiwa wenzake waliinama; shingo yake ikagoma. “Kijana ana kiburi,” mzee akasema. Binamu yake Injinia kabembeleza weee, mpaka mzee akakubali: leo mchana arudi, asalimie upya.

— Hilo ni jicho la husuda, akasema Waziri, dereva asiye na gari.

— Wanihusudu nini, Waziri? Simu yenyewe ina ufa!

— Samaki mkunje angali mbichi, akadakia Kassaye, fundi viatu. Twende kwa muunga mifupa. Anakudaka kichwa, tak!

— Tak, mnizike na digrii yangu?

— Basi cheza iskista, akasema Waziri. Mabega yakitikisika, shingo itafuata tu.

Waziri akatikisa mabega, benchi likayumba. Injinia akajaribu. Machozi yakamtoka.

— Inama kwa kiuno basi, bwege! akasema Kassaye.

— Jana nilijaribu. Nikabinua makalio, mlinzi akacheka.

— Mnajua siri? Waziri akashusha sauti. Hizi simu zina sumaku. Zinatuinamisha makusudi, tusione wakubwa wanavyogawana nafasi.

— Sumaku! akasema Kassaye. Acha kutuchezea, ndugu yangu.

— Haba na haba hujaza kibaba! Waziri akafoka, kana kwamba huo ni ushahidi.

Mama Alganesh akamimina duru ya tatu ya kahawa, ile ya mwisho iitwayo baraka, nyepesi kama maji ya mvua. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri kikombe chake, akauliza:

— Samahani, wanangu. Wale walioinama jana, aliwapa kazi?

Waziri akatazama viatu vyake. Kassaye akatazama vumbi. Hata Mama Alganesh akainamia makaa. Injinia naye, aliyejua kuwa hakuna hata mmoja aliyepata, alitamani kutazama chini; shingo haikumruhusu. Akabaki peke yake, ana kwa ana na yule mama, aliyekuwa bado anasubiri jibu.