Kalori za Kontena

Benchi la pembeni ya kibanda cha Mama Birika lilikuwa na desturi yake: Kontena akiinuka bila kuaga, aliyekaa ncha ya pili hujikuta chini. Kontena ni seremala, na benchi lenyewe alilitengeneza yeye, enzi za wembamba wake. Jioni ile alikuwa mnyonge. Siku hizi alikuwa akiswalia kwenye kiti cha plastiki, safu ya nyuma, maana akisujudu hainuki mpaka avutwe kama gunia. Alimwomba Mola jambo moja tu: paji la uso wake liguse tena mkeka. Muuguzi naye alimwambia apunguze kalori.

— Kalori ndiyo nini hasa? akauliza Dobi, kule nchani.

— Nguvu iliyomo kwenye chakula. Usipoitumia, mwili unaiweka akiba.

— Basi wewe ni tajiri!

— Cheka tu. Mungu anisamehe, juzi nilitembea mpaka gereji, nikajipongeza kwa sahani mbili za wali.

— Dawa ni jasho. Njoo unipigie pasi mchana, umevaa koti.

— Jasho ni maji tu, mzee! akadakia Kinyozi, aliyeegemea kibanda. Kalori hupanda kichwani, zikanenepesha nywele. Nikunyoe kila wiki, umepona.

— Acheni kupotosha watu, akasema Mama Birika akimimina. Kahawa chungu inaziunguza zote.

— Mbona hii yangu umeijaza sukari? akauliza Kontena.

— Sukari ikishayeyuka haihesabiki.

Akakitazama kikombe chake, akakiweka chini taratibu.

Hapo akatokea mgeni, begi begani.

— Samahanini, ndugu zangu. Msikitini ni mwendo gani kwa miguu?

Wote huenda kwa pikipiki.

— Kwa pikipiki unafika sasa hivi, akasema Dobi.

— Nimeuliza kwa miguu, kaka.

Kinyozi akakuna kidevu. Mama Birika akafuta kikombe kilichokwisha kufutwa.

— Twende, akasema Kontena. Na mimi nataka kujua.

Akashika magoti, akasema bismillahi, akajikusanya, akasimama. Hakuna aliyemvuta.

Puu! Dobi chini.

— Si ungeaga, bwana wee!

— Nisamehe, ndugu yangu. Furaha imenisahaulisha.

Dobi akajipangusa vumbi, akaanza kutafuta ndara zake.

— Basi ningojeni. Nimeshatolewa kwenye benchi, nikae tena ya nini?