Jina Lililoandikwa Kwenye Skrini

Basi la Namanyere lilipofika Chala, Bertilla alikuwa ameshajua kwamba dada wa kiti cha mbele, mwenye kompyuta mapajani, anairudisha kwa aliyemuuzia.

"Dada yangu," alisema baba aliyekaa kando ya huyo dada, "kompyuta yenyewe inasema prosesa yake, ubongo wake, ni i7, ile ya kasi. Imejitaja jina. Sasa unabishana nini?"

"Haijajitaja, baba. Skrini inasoma jina lililohifadhiwa humo ndani, na jina hilo mtu anaweza kulibadilisha. Nimeweka programu inayoiuliza prosesa yenyewe. Imejibu kuwa ni i3, ya chini kabisa."

"Wenzako wote wanasoma hapo kwenye skrini na wanaridhika."

"Waridhike. Mimi siridhiki."

Bertilla hajawahi kugusa kompyuta, lakini mahindi ameyanunua miaka ishirini. Anayajua magunia yenye mahindi mazuri juu na yaliyobunguliwa chini, ndiyo maana hasafiri bila bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kutoa punje za chini. Huyu dada, aliona, amechoma mpaka chini.

"Muuzaji atakukana," baba alisema.

"Anikane mbele ya wateja wake. Nitakaa pale barazani kwake, nimwoneshe kila anayeingia."

Basi liliposimama Namanyere, dada alisimama, akaliangalia begi jeusi la kompyuta ambalo yule baba alikuwa amelipakata tangu Sumbawanga.

"Na hiyo ulinunua wapi, baba? Ifungue tuiulize."

Baba akalikumbatia begi kwa mikono miwili. "Yangu haina shida," alisema. "Na usiiguse."