Kamba Wenye Macho Yote Mawili

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi viatu na muuguzi. Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea ufugaji wa samaki, na mwaka 1984 akaajiriwa katika kituo cha kuzalisha kamba wa baharini.

Kamba jike akifugwa hugoma kutaga. Dawa ya mafundi ni kumkata jicho moja, akishakatwa, hutaga. Dada hakuipenda dawa hiyo hata kidogo. "Mngekatwa nyie jicho, mngezaa?" aliwauliza wenzake. Walicheka, wakaendelea kukata. Mwishowe meneja alimpa chumba cha nyuma ajaribu njia yake: giza, taa ndogo nyekundu, lishe ya minyoo na ngisi, na ukimya. Humo aliingia peku na kusema kwa kunong'ona.

Mwaka 1990 aliolewa na fundi friji, mtu wa utani mwingi, ambaye alimtangulia mwaka 1998. Hawakujaaliwa mtoto. Tangu hapo ukimya wa kazini ulimfuata nyumbani. Alinong'ona jikoni, alinong'ona hata harusini, na wanangu wakambandika jina la Shangazi Nong'ono. Muuza maziwa mmoja aligonga mlango, akajibiwa kwa mnong'ono, akaondoka kwa kunyata akidhani kuna kichanga kimelala ndani. Wageni nao walijiona hawatakiwi, wakapungua mmoja mmoja. Dada alikuwa mpweke sana.

Kamba wake walikula, wakanenepa, wasitage. Mwaka jana meneja alimwambia kwamba akistaafu, chumba kile nacho kitarudi kwenye mkasi wa kukata macho.

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Kila aliyekwenda kumjulia hali hospitalini aliulizwa kwanza, "Wametaga?" Tarehe 11 Mei msaidizi wake alifika mbio, bado amevaa mabuti ya mpira. Aliinama sikioni pake na, kwa mazoea, akanong'ona.

"Sema kwa sauti, mwanangu," Dada alimwambia. "Nataka nisikie vizuri."

"Ametaga, mama. Na macho yake yote mawili anayo."

Wodi nzima iligeuka. Dada alicheka mpaka akakohoa. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 13 Mei.

Ameacha wadogo zake watatu, watoto saba wa ndugu zake, msaidizi wake, na chumba cha nyuma ambacho taa yake nyekundu bado inawaka. Mungu ampe pumziko la amani. Wimbo wa kumsindikiza, ndugu zangu, tuuimbe kwa sauti.