Shangazi Nyundo, Aliyeuliza Juu ni Wapi

Marehemu, ambaye ukoo mzima ulimwita Shangazi Nyundo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi kufuli na mshona nguo. Alianza kulamba mawe kabla hajaota meno yote. Mama yake alimchapa, wapi. Jiwe likilowa rangi yake huonekana vizuri, na mtoto yule alikuwa ameligundua hilo peke yake.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1970. Chuo kikuu alichukua jiolojia na kuhitimu mwaka 1974, msichana pekee darasani. Baba yake alipomuuliza atakula nini kwa kusoma mawe, alijibu, "Baba, wewe unafungua kufuli za watu. Mimi naenda kufungua za chini."

Mwaka 1975 aliajiriwa na kampuni iliyotafuta shaba na zinki kwenye miamba ya volkano. Zama za kale mahali pale palikuwa chini ya bahari. Volkano ilimwaga uji wa moto ukaganda, kisha maji ya moto yakapanda kwenye nyufa zake na kuacha madini juu ya mwamba huo: shaba chini, zinki juu yake. Vitabu vilisema hivyo, na Shangazi akachora ramani kwa kuvifuata. Kila shimo lililochorongwa kwa mtambo wa kutoboa miamba lilisimamishwa pale tu lilipogusa mwamba wa volkano, maana chini yake hapakuwa na cha kutafuta. Misimu miwili ilipita bila kupata kitu, na amri ikaja kambi ivunjwe.

Wenzake wakikunja mahema, yeye aliteremka korongoni kuyaaga mawe yake. Volkano ikimwagikia baharini huganda mabonge kama mito ya kulalia: mgongo wa mviringo juu, mkia uliochongoka chini. Pale korongoni mikia ilielekea juu. Aliinama, akachungulia katikati ya miguu yake mwenyewe, na mito yote ikakaa sawa. Ardhi ile ilikuwa imepinduliwa kichwa chini, na walichokitafuta kilikuwa upande wa pili wa mwamba ambao wao kila mara waliugusa na kuacha.

Angeweza kunyamaza. Ramani ilikuwa yake, na aibu ingekuwa yake. Alimwendea mkuu wa kambi.

"Mzee, nimekosea mimi. Tuutoboe ule mwamba tupite, shimo moja tu."

"Likiwa tupu, kazi huna."

"Sawa."

Mchorongaji, kijana asiye na maneno mengi, alikuwa keshafungasha mitambo. "Dada, nikipita hapo natoboa kwa imani tu."

"Toboa kwa imani yangu, basi."

Tarehe 3 Oktoba 1977 mwamba uliotolewa shimoni uling'aa manjano ya shaba, na chini yake ukafuata wekundu wa kahawia wa zinki. Shaba kwanza, zinki baadaye, kinyume cha vitabu. Shangazi aliulamba, kisha akalia.

Alifunga ndoa na mchorongaji huyo tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa binti na mapacha wa kiume. Nyumbani kwao mgeni alipewa jiwe mkononi kabla ya chai, na swali moja: "Juu yake ni wapi?" Aliyebahatisha alirudishwa kuangalia tena, na chai ikapoa. Alistaafu mwaka 2011, lakini swali halikustaafu.

Alianza kuugua mapafu Februari 2023. Daktari alipoinua picha ya kifua chake, Shangazi alimuuliza, "Samahani mwanangu, hapo juu ni wapi?" Daktari aliitazama vizuri, akaigeuza. Wote wawili walicheka hadi kikohozi kikamkatiza.

Siku za mwisho mumewe alimuuliza kama anaogopa. "Naogopa," alisema. "Lakini nina hamu ya kuona." Alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, tarehe 21 Juni 2024. Tumeumia sana.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake wa kiume, na sisi watoto wa mdogo wake, ambao mpaka leo hatuwezi kuruka jiwe bila kuligeuza.

Juu ya kaburi lake tutaweka bonge moja kutoka korongo lile. Asubuhi hii mumewe amepiga magoti mbele yake, akalilowesha kwa kidole chenye mate, akalizungusha taratibu, kisha akatuambia, "Hivi. Mgongo juu. Msimgeuzie."

Apumzike kwa amani Shangazi yetu, na alichotamani kukiona, akione.