Radi ya Emiliana na Ufa Wangu

Mimi Leonardi nina miaka sabini na nne. Mashefu wawili walioongoza atelie hii, karakana yetu ya vioo, wametangulia mbele ya haki, matanuru mawili yamebomoka, meno yangu ya mbele yamekwisha, na mimi bado nipo. Ndiyo sababu nimeombwa kuandika habari za Emiliana, ambaye Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025 anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi ya vioo hapa Gitega na kule Muyinga.

Mimi nilipostaafu hakuna aliyeniandikia hata mstari. Nilipewa mwamvuli. Emiliana anapewa sherehe, karatasi ya programu na kibao cha shaba mlangoni. Nasema tu ili ijulikane. Maneno haya nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu ya biki. Riziki wa ofisini amepiga mashine na kunyoosha herufi, lakini nimemkataza kupunguza kitu.

Emiliana alizaliwa Itaba, akakulia Tanzania kama mimi, akarudi na kisu cha kukatia kioo alichoachiwa na baba yake. Mwaka 2003 alianza na vioo vya madirisha. Mkono wake ni mwepesi, hilo nakubali. Mimi nilikuwa nakata haraka kuliko yeye, ila vyake havikuwa vinarudishwa.

Siku moja alibeba kioo kwa miguu hadi Bugendana, na kila kilima watu walimsimamisha ili wajitazame. Alifika jioni. Mteja akamwuliza, "Mama, umetoka Gitega au umetoka Roma?" Akajibu, "Nimecheleweshwa na nywele za watu."

Tanuru ni mimi niliyelijenga, na moto wa mikaratusi nilikuwa nauchochea mimi. Hilo habishi mtu, hata Donatien, shefu wetu wa sasa.

Bon, tuendelee. Mwaka 2016 nyumba moja ya wageni ya Muyinga iliagiza sanamu ya kioo. Emiliana akasema atatengeneza ile mvua iliyoporomosha kilima cha kwao Itaba, na upepo wake, na maji yake, na udongo ukiteremka. Alipanga vioo vya dirisha tabaka juu ya tabaka, akanyunyiza unga wa kutu uwe udongo, akalaza nyuzi za shaba za waya wa umeme ziwe upepo, vyote viyeyuke motoni na kushikana viwe kitu kimoja. Kioo cha chupa hakukichanganya hata kidogo, maana chupa na dirisha vikipoa havisinyai sawasawa, vinavunjana.

Sheria ya kwetu kila mtu anaijua. Moto ukishazimwa, mlango wa tanuru unazibwa kwa udongo mbichi, na haufunguliwi mpaka siku tatu zipite, ili kioo kipoe polepole. Hata shefu haruhusiwi.

Asubuhi ya siku ya pili mlango ulifunguliwa. Baridi ikaingia, kioo kikalia tii, kikapasuka kutoka juu hadi chini kwa matawi matatu. Watu wa Muyinga wakaikataa. Shefu wa wakati ule akauliza nani amefungua. Emiliana akasema, "Sanamu ni yangu, niandike mimi." Akaandikwa kwenye faili. Akapelekwa Muyinga kutunza stoo miaka minne, kupokea vioo vya malori ya kutoka mpakani Kobero, mbali na moto. Houssein dereva anasema kila alipofika aliulizwa swali lile lile: "Tanuru bado linawaka?"

Alirudi mwaka 2020. Akaitoa sanamu kwenye gunia nyuma ya tanuru, akajaza jivu la mkaratusi lililochekechwa ndani ya ule ufa, akaiyeyusha tena. Jivu likachemka ndani ya kioo, likawa povu jeupe. Ndiyo radi mnayoiona mlangoni, ile wageni wanayopiga nayo picha.

Wanasimama pale wanasema, "Huyu mama ana akili, radi hii aliitengenezaje?" Miaka mitano nasikia hayo maneno. Nimeyachoka. Upepo ni wake, maji ni yake, udongo ni wake, jivu pia ni lake. Radi ina baba mwingine. Mlango niliufungua mimi.

Hakuna kioo kilichowahi kutoka kwenye tanuru langu bila jicho langu kutangulia. Wiki ile nzima watu walikuwa Emiliana hivi, Emiliana vile. Nikataka niione kwanza, hata kabla yake. Nikabandua udongo upana wa kiganja tu. Nilinyamaza siku ile, nikanyamaza alipopanda lori kwenda Muyinga, nikastaafu na mwamvuli wangu nikiwa bado nimenyamaza.

Donatien, kabla ya Ijumaa litoe lile faili, ufute jina lake, uweke langu. Na kwenye kibao andika Emiliana kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo: ufa, Leonardi. Kubwa siitaki. Lakini niandikwe.

Emiliana, wenzako wa Gitega na Muyinga wanakushukuru kwa mikono miwili. Nenda Itaba ukapumzike, maharage yako yazae, na mvua ije kwako kwa adabu.

Asiyeniamini amwulize Houssein, aliyekuwa akishusha vioo asubuhi ile. Amwulize Jeska mpishi, aliyenikuta jikoni natetemeka nikamwambia ni malaria. Na amwulize Emiliana mwenyewe. Aliuona udongo wa mlango wa tanuru mikononi mwangu, akanimiminia maji nikanawa kabla shefu hajafika.